Mbwa Aliyevikwa Kengele Mjini

Juzi nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Busia, nimenyoosha miguu kwa ajili ya magoti yangu haya, nikasikia kengele. Haikuwa ya kanisa wala ya shule. Ilikuwa ya chuma kizito, inalia mara moja na kunyamaza, kisha mara mbili kwa haraka. Niliijua kabla sijageuza shingo, ingawa imekaa sandukuni miaka mingi bila kulia. Mjukuu wangu alikuwa ameichokonoa kwenye vitu vya marehemu baba yangu, akaifunga kwa kamba ya plastiki shingoni mwa mbwa wetu, na sasa anacheka peke yake uani. Mtoto ana haki ya kucheka. Mimi sikuwa na nguvu hata ya kumkemea, nikabaki kusikiliza.

Basi rafiki yangu, keti nikusimulie habari ya kengele hiyo. Nakusimulia leo kwa sababu najijua. Nikisema kesho, kesho nayo itakuwa na uchovu wake.

Miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado unanukia upya, baba yangu alikuwa karani wa reli mjini Tororo. Tulikaa kota, nyumba zilizopangwa mstari mmoja, vyumba viwili na jiko la nje, na nyuma yetu ule mwamba mkubwa unaotazama kila mtu anafanya nini. Majirani walikuwa wa kila kabila. Msamia huyu, Mjaluo yule, Mpadhola, Mteso, Mganda, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kujifunza lugha ya mwenzake, wote tulikutana katika Kiswahili cha mpakani. Kilikuwa Kiswahili kilichovunjika mbavu, lakini kilinunua chumvi na kiliamua ugomvi.

Baba alipenda ustaarabu. Alivaa soksi ndefu zilizokunjwa chini ya goti, alikuwa na redio, na alitaka mbwa wa nyumbani kama wale aliowaona kwenye nyumba za mabosi. Mbwa hakumtafuta mbali. Kule Mella, kijijini karibu na mto wa mpakani, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, palikuwa na jirani mwindaji, na jike lake lilikuwa limezaa. Baba akachukua kitoto kimoja: chekundu kama udongo wa kichuguu, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Akamwita Tomi. Akamnunulia mnyororo, akamjengea kibanda, na kila Jumamosi mimi na mama tulimwogesha kwa sabuni ya kufulia, naye akatutazama kwa huzuni ambayo sijawahi kuiona kwa mwanadamu anayeogeshwa.

Sasa uzao ule haukuwa wa kufungwa. Mababu wa Tomi walikuwa mbwa wa ndezi. Kama hujawahi kumwona ndezi, ni mnyama wa jamii ya panya, lakini mnene kuliko paka, anakaa kwenye nyasi ndefu na matete, na usiku anatoka kula viazi na mihogo ya watu. Nyama yake ni tamu sana, na shamba analolitembelea halina salama. Mbwa wanaomwinda hawabweki ovyo. Wakiingia kwenye nyasi hupotea kimya, ndiyo maana mwindaji huwavika kengele, apate kujua nani yuko wapi. Haya yote baba aliyajua tangu utoto wake. Sijui ilikuwaje akadhani yangebaki Mella.

Tomi alipokua alianza kuleta balaa. Alitafuna mlango. Aliukata mnyororo, akaua kuku wa fundi wa injini, akachimba bustani ya watu wa nyumba ya mwisho mpaka mihogo ikabaki mizizi juu. Baba alimchapa, na nilipolia alinichapa nami kidogo, kwa usawa. Mwishowe msimamizi wa kota, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, akaja akasimama mlangoni. Alisema akisikia tena habari ya mbwa huyo, atamwita askari wa mji aje na bunduki. Nilimsikia nikiwa chini ya dirisha nachambua mchele. Tangu siku hiyo kila mtu akikohoa mlangoni moyo wangu ulipiga.

Likizo ilikuwa imekaribia, ikaamuliwa Tomi na mimi tupelekwe Mella. Baba alinikalisha nyuma ya baiskeli, Tomi akakimbia kando yetu bila mnyororo, na nakumbuka kwamba njia nzima hakuacha barabara. Alikimbia tu, masikio nyuma, kama mtu anayerudi kwao.

Bibi alimtazama kwa muda. Alikuwa mjane mwembamba, mikono yake migumu kwa jembe, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Akamgusa mbavu, akamnusa, akauliza ni mtu gani aliyempaka mnyama harufu ya kanisani. Kisha akasema jambo ambalo alilirudia likizo nzima, kila alipotuona tumekaa bure: mbwa asiyepewa kazi hujitafutia kazi, na kazi ya kujitafutia ni ya hasara. Jina la Tomi hakulitaka. Kwetu mbwa hupewa jina la kuwajibu majirani, naye alijua majirani watasema mjane huyu analea mbwa wa karani, kwa hiyo akamwita Watasema. Wakasema kweli, na kila aliposimama uani akamwita mbwa, wakawa wamejibiwa.

Mwindaji alikuja asubuhi ya siku ya pili. Alikuwa mtu aliyezoea kuvuka mto akiwafuata mbwa wake, akiingia upande wa Kenya na kurudi bila mtu kumwuliza chochote, maana wakati huo mpaka ulikuwa ni maji tu. Alikuja na kengele. Ilifuliwa na mhunzi kutokana na jembe lililokwisha, na ilikuwa imevaliwa na mama yake Tomi, na kabla yake na mama yake huyo. Hakumvika nyumbani. Alitembea naye mpaka pale viazi vya bibi vilipopakana na nyasi ndefu, akachuchumaa, akamvika, akamgonga mgongoni kidogo. Sisi wasichana hatukuruhusiwa kuingia kwenye nyasi siku ya mawindo, tulisimama kwenye matuta ya viazi na bibi. Tulichokiona ni nyasi zinazotikisika. Tulichokisikia ni kengele.

Ni vigumu kukueleza ile sauti. Ilikwenda polepole, ikakaa, ikakimbilia mtoni, ikapinda. Kisha ikanyamaza kabisa, na bibi akanishika bega. Akasema hapo ndipo mbwa amesimama mbele ya ndezi. Tukasubiri. Halafu ikalia kwa fujo mara moja, na mwindaji akapiga mluzi, na Tomi akatoka na ndezi mdomoni, mkubwa karibu sawa na yeye, hajamrarua hata kidogo. Akamlaza miguuni pa bibi. Halafu akakaa kitako, akangoja.

Alichongoja ni haki yake. Mwindaji alikata kichwa cha ndezi palepale, akampa, ndipo akamvua kengele. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote: kengele ikivaliwa, kazi imeanza, mbwa akipewa kichwa na kengele ikivuliwa, kazi imekwisha. Watu hawakuliacha jambo hilo hata kama mvua inanyesha. Mkono mtupu haulambwi, na bibi alisema mbwa asiyepewa chake hatajua kwamba amemaliza.

Na kweli, rafiki yangu, mbwa yule alibadilika. Kengele ikishavuliwa alirudi nyumbani akalala kivulini pa ghala la wimbi, na kuku wa bibi walipita juu ya mkia wake. Vifaranga, nakwambia. Yeye aliyeua kuku wa fundi wa injini alifumbua jicho moja akalifumba. Jumapili alimfuata bibi kanisani akalala nje ya mlango mpaka baraka ya mwisho, na katekista aliyetaka kumfukuza alichoka mwenyewe. Jioni tulikula ndezi wa kukaushwa kwa moshi, ameungwa kwa karanga za kusaga, na ugali wa wimbi mweusi, au zile kachiri za viazi vikavu tunazoziita amukeke, zikichemshwa mpaka zinalainika. Nilinenepa. Viazi vya bibi vilipona mwaka ule. Sijawahi tena kulala usingizi kama ule wa Mella, labda kwa sababu sijawahi tena kuwa na hakika kwamba kila aliyeko uani anajua kazi yake na ameimaliza.

Likizo ikaisha. Baba akaja na baiskeli yake, amevaa soksi zake. Alikuta mbwa mtulivu anayemsikiliza mjane, akashangaa, akafurahi kupita kiasi. Siku hiyo kulikuwa na mawindo madogo, naye akasimama nasi kwenye matuta. Alipoisikia kengele uso wake ukabadilika, akawa kijana. Nadhani alisikia utoto wake. Mbwa alipovuliwa, baba alimwomba bibi ile kengele, ambayo mwindaji alikuwa amemwachia, aende nayo Tororo pamoja na mbwa. Alisema italia vizuri pale kota, na watu watajua Tomi anapita.

Mwindaji hakupenda. Alisema kwa upole kwamba kengele hiyo haikai shingoni nyumbani. Namwona bibi mpaka leo, ameishika mkononi, anaifuta vumbi kwa kitambaa cha kichwani. Baba ndiye mtoto pekee aliyembakia, alikuja kwa nadra, na akija alikuwa na haraka, na hakuwahi kuomba kitu chochote cha pale nyumbani. Viazi alivikataa, karanga alisema ziko sokoni. Sasa anaomba kitu. Bibi alifungua kinywa, akakifunga. Akapiga magoti akamvika Watasema kengele kwa mkono wake mwenyewe, akakaza fundo. Tukaondoka, kengele inalia njia nzima, na mbwa safari hii hakukimbia barabarani. Alikwenda akinusa kila kichaka, kulia na kushoto, mpaka mjini.

Baba alijivuna sana. Jioni alitoka naye kwenda dukani, na wanaume waliokaa nje na mirija mirefu kwenye chungu cha pombe ya wimbi wakamwita karani aje aeleze kengele. Alieleza kila mara. Nyumbani Tomi hakupumzika. Alizunguka kota mchana kutwa, pua chini, akisimama, akipinda, kengele inalia na kunyamaza, na usiku nilimsikia bado anatembea. Akaanza kukonda. Mama alisema anamkumbuka bibi. Mimi nilisema ana minyoo. Hakuna aliyesema lile lililokuwa wazi, kwamba mbwa huyu ameambiwa kazi imeanza na hakuna mtu aliyemwambia imekwisha.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mama mmoja muuguzi, Msamia, mjane naye, mwenye watoto wadogo. Alifuga sungura kwenye banda la fito, wale weupe wa kufugwa, na ndiyo nyama waliyokula Jumapili moja moja. Alikuwa mkimya, na tulimwogopa kwa sababu ya sindano.

Jumapili moja tulitoka kanisani jua limepanda. Nilitangulia mbio kwa sababu viatu viliniuma, nami ndiye niliyeona kwanza. Kizingitini petu walilazwa sungura wote, wamepangwa kama samaki sokoni. Hapakuwa na manyoya yaliyotawanyika wala damu nyingi. Kila mmoja alikuwa na alama ndogo shingoni. Tomi alikaa kando yao, kitako, kengele shingoni, anangoja. Alipomwona baba alitikisa mkia.

Watu walijaa kabla mama hajafungua mlango. Fundi wa injini alikumbusha kuku wake. Msimamizi wa kota alikuja akiwa amefungua vifungo vya kanisani, akasema yeye alishasema, na neno lake ni moja. Baba alisimama na Biblia mkononi, jasho linamtoka. Kisha watu wakapisha, na muuguzi akaja. Nilingoja apige kelele. Aliinama akamwinua sungura mmoja, akamgeuza shingo, akamrudisha. Akamtazama mbwa kwa muda mrefu.

"Hakukula hata moja," alisema. Kisha akamwuliza baba, "Karani, nani naweka hii mbwa kengele hapa ndani ya kota?"

Baba alisema ni pambo tu.

"Sisi kwetu Samia hiyo hapana pambo," alisema muuguzi. "Hiyo ni kutuma. Wewe natuma yeye, yeye nakwenda."

Akaniambia nilete kisu. Nilileta cha jikoni. Akachuchumaa na gauni lake jeupe la kanisani, akamkata kichwa sungura wake mwenyewe, mmoja wa wale aliokuwa amewalea kwa majani ya viazi kila jioni, akampa Tomi. Alisema mtu akifanya kazi apewe chake, hata kama kazi yenyewe imemwumiza mwingine. Tomi akala. Muuguzi akafungua lile fundo la bibi kwa kucha, akamvua kengele, akaiweka mkononi mwa baba. Na Tomi, mbele ya umati ule wote, akajinyoosha, akaweka kidevu chake juu ya kiatu cha muuguzi, akalala. Alikuwa hajalala sawasawa tangu Mella.

Sijawahi kumwona baba akiwa mdogo kama alivyokuwa siku ile. Alisema taratibu, "Kumbe ilikuwa hivyo tu."

Muuguzi alimwambia msimamizi kwamba yeye hana mashtaka. Msimamizi akasema wengine wanayo. Basi watu wakatawanyika, mama akawachuna sungura akampelekea muuguzi nyama yake, na lililobaki lilikuwa jambo moja rahisi: kumrudisha Tomi Mella. Jua lilikuwa bado juu. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa ukutani. Nilimwambia baba twende, hata mimi nitatembea kwa miguu. Alivua viatu, akakaa kwenye kiti chake, akafumba macho. Wiki nzima alikuwa ameshinda kazini mpaka giza, kwa sababu mwenzake aliugua. Akasema, "Kesho, mama. Leo nimechoka."

Aliniita mama, kama alivyozoea akitaka kunibembeleza. Nilikubali. Ni kesho tu.

Kesho yake askari aliyeitwa na msimamizi alikuja mchana, baba akiwa kazini na mimi shuleni. Mama alituambia baadaye kwamba Tomi hakuleta taabu. Alikuwa amelala kivulini, askari akamfunga kamba, naye akainuka akamfuata kama mbwa asiye na shughuli. Angekuwa na kengele shingoni, mama alisema, wasingemkamata. Nililia mpaka nikaumwa kichwa, na nilimchukia baba kwa miaka mingi. Nalisema wazi kwa sababu sasa amekufa, na sasa nami najua kuchoka ni nini. Nimewaahirishia watu na mambo mengi kwa neno lile lile. Hakukuwa na ubaya wowote ndani ya baba yangu jioni ile. Kulikuwa na miguu inayouma tu.

Tulipokwenda Mella tena, baba mwenyewe alimweleza bibi, hakuficha. Bibi alikuwa anapepeta wimbi. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

"Tulimtuma wenyewe," akasema. Kisha akaongeza kwamba alitaka mwanawe aende na kitu cha kwao, basi. Kengele hakuipokea. Hakufuga mbwa mwingine, ndezi wakarudi kwenye viazi vyake, na kila msimu alilima matuta machache zaidi ya aliyoweza kuvuna, fungu la ndezi, alisema, kwani nao wana njaa.

Leo ukienda Mella pale zilipokuwa nyasi ndefu utakuta watu wanafyatua matofali. Matete ya mtoni yamelimwa mpaka majini. Mwindaji alishafariki zamani, na wajukuu wake wana bodaboda. Ukitaka kuvuka ule mto sasa unaulizwa jina la baba yako na la babu yako. Ndezi sikumbuki mara ya mwisho kumwona. Na mbwa wamejaa kila mahali, wamelala malangoni, wanabwekea plastiki zinazopeperuka, na watu wanalalamika kwamba mbwa wa siku hizi wana kichaa.

Basi juzi, pale barazani. Mbwa wetu huyu ni wa kuokotwa, hakuna anayejua mababu wake. Kwanza alijikuna, akajaribu kuing'oa kengele kwa mguu wa nyuma, na mtoto akacheka zaidi. Kisha akaacha kujikuna. Akasimama katikati ya uwanja, masikio juu, pua ameielekeza ukutani, na kengele ikanyamaza kabisa. Sisemi kwamba alijua kitu. Nyuma ya ukuta huo kuna barabara, na barabarani malori yamepanga foleni kungoja kuvuka mpaka, moja nyuma ya jingine, mpaka macho yanapoishia. Akageuka akanitazama.

Magoti yaliniuma, na chai yangu ilikuwa inapoa. Ningeweza kusema kesho. Niliinuka, nikashuka ngazi moja moja, nikamwambia mjukuu wangu alete kipande cha nyama kutoka sufuriani.

"Ya nini, Jaja?" akauliza, maana huniita Kiganda kama wenzake wa shule.

"Mpe. Halafu tumvue."

"Lakini hajafanya kitu."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hatuna kazi ya kumpa."

Alikula ile nyama. Nilifungua kamba kwa vidole vyangu hivi vibovu, ikachukua muda, naye alitulia akanisubiri. Kengele ilipotoka, akajinyoosha palepale juani, akaweka kidevu juu ya mguu wangu, akalala, na mimi nikashindwa kuuondoa mguu mpaka jioni.